Orrin Aliuliza Mara Moja

Nianze na kahawa, maana bila kahawa huyu mtu hamtamwelewa.

Kwetu Torvik, huku kaskazini ya Minnesota, ukiingia nyumbani kwa mtu utaulizwa kama utakunywa kahawa. Utasema, "Aa, usijisumbue." Mwenye nyumba atasema, "Si usumbufu, ipo tayari." Utasema, "Hapana, kweli, nimekunywa nyumbani." Hapo atauliza mara ya tatu, birika keshalishika mkononi, nawe utasema, "Basi, kidogo tu, kama ipo." Ndivyo tulivyolelewa. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayeuliza mara moja akanyamaza ni bahili. Tulipata kuwa na mchungaji mgeni, mtu wa Texas, akakubali kipande cha keki mara ya kwanza tu alipoulizwa. Akina mama wa kanisa waliizungumza habari hiyo mpaka Pasaka.

Orrin Tveit aliijua desturi hii kuliko sisi sote. Maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa lori la mafuta ya kupashia nyumba joto, na hakuna jiko katika wilaya hii ambalo hakupata kusimama mlangoni pake, kofia mkononi, akikataa kahawa mara mbili. Baridi ya kwetu si ya mchezo. Mafuta yakikuishia usiku, asubuhi mabomba yamepasuka na wewe mwenyewe u hoi. Basi watu walimpenda Orrin kuliko walivyompenda daktari. Bibi kizee akiishiwa mafuta siku ya Krismasi, Orrin aliacha sahani yake mezani akaenda. Alinuka mafuta hata akivaa suti. Tulimtania kanisani kwamba harufu yake hufika kwenye benchi kabla yake, naye hucheka, mtu mrefu yule, anainamisha kichwa kana kwamba kila mlango ni mfupi.

Mkewe alikuwa Ardis, shoga yangu tangu tukiwa wasichana wa kwaya. Mimi ni Vonnie Brekke, nakaa nyumba inayofuata, na nilikuwa mpishi wa shule mpaka magoti yakanigomea. Nasema haya ili mjue sihadithii ya kusikia. Jiko la Ardis ni jiko langu, na langu lilikuwa lake.

Ardis hakuwa mtu wa kuomba. Mifuko ya mkate aliiosha, akaianika, akaitumia tena. Watoto wake aliwavalisha mifuko hiyo juu ya soksi, ndani ya buti, theluji isiwaloweshe. Nyanya alisindika mwenyewe. Gauni likichakaa anakata aproni, aproni ikichakaa anakata matambara, matambara yakichakaa anashona blanketi la viraka. Ndege alikuwa amepanda mara moja tu maishani, kwenda harusi ya dada yake Bernadine. Huyo Bernadine aliolewa kule Tucson, Arizona, kwenye jangwa na jua, na ndiye ndugu pekee aliyebaki kwake. Kila Jumapili baada ya ibada walipigiana simu. Miaka ya karibuni mapafu ya Bernadine yaliharibika, akawa anatembea na mtungi wa hewa na mpira puani, na daktari akampiga marufuku kusafiri. Kama walitaka kuonana, ilikuwa lazima Ardis aende.

Sasa, Orrin alipostaafu hakujua afanye nini na mikono yake. Majirani zetu wengi wakistaafu hukimbia baridi, wanakwenda Arizona au Florida tangu Novemba, wanarudi barafu ikiyeyuka, wamebabuka pua. Ardis alidhani na wao watafanya hivyo. Alikuwa na haki ya kudhani. Lakini majira yale ya kupukutika majani maktaba yetu ilileta binti mmoja wa chuo, Maren, kufundisha watu wazima kupima nyayo zao za hewa ukaa, yaani ile hewa chafu inayopashia dunia joto: mtu unatoa kiasi gani kwa mwaka kwa nyumba yako, gari lako, chakula chako na safari zako. Orrin alikwenda kwa sababu kulikuwa na keki.

Alirudi amesawajika. Nilikuwa jikoni kwao, namsaidia Ardis kumenya tufaha.

"Binti katuweka kwenye kompyuta," akasema, hata koti hajavua. "Kila mtu anajaza ya kwake. Mimi nimejaza. Inaniambia kwamba watu wote duniani wangeishi kama mimi, tungehitaji dunia nne na kitu."

"Nne?" Ardis akasema. "Na hiyo moja yenyewe hatuwezi kuisafisha."

Sisi tukacheka, yeye hakucheka. "Nikamuuliza: na yale mafuta niliyowapelekea watu miaka yote? Akasema hayo anahesabiwa aliyeyachoma, si aliyeyabeba. Eti si yangu."

"Basi si yako," nikamwambia.

"Nani aliyeyamimina, Vonnie? Mkono wa nani ulishika mpira?"

Hapo ndipo yalipoanza. Sitaki mnielewe vibaya, mimi simcheki mtu kwa kuona haya. Msimu wa kuvua samaki kwenye barafu umefupika, ziwa haligandi kama tulivyolizoea, na Orrin aliona ni yeye aliyesababisha. Mzee mzima, ameibeba wilaya nzima mgongoni, sasa anaona haya kwa ajili ya wilaya nzima. Aliliuza lile gari lake kubwa, akanunua dogo la umeme. Akapanda darini, akajaza pamba ya kuzuia baridi, siku ya pili akashuka anajikuna kama mbwa. Akang'oa tanuri la mafuta, lile lile alilokuwa akilijaza mwenyewe, akaweka pampu ya umeme inayovuta joto kutoka nje. Watu wakaja kulitazama tanuri lile kama maiti. Na niseme kweli: nyumba ilitulia, ilikuwa na joto jema, bili hazikuwatesa. Hayo yote alifanya vizuri, na hata mimi nilimwita aje aniwekee pamba darini kwangu.

Balaa ilikuwa jikoni. Kwetu chakula cha wageni ni bakuli la kuoka: nyama ya kusaga chini, supu nzito ya uyoga katikati, viazi vya kukaanga juu. Orrin akasema nyama ya ng'ombe basi. Ardis akatia dengu. Alilipeleka bakuli lile kwenye chakula cha kanisa, na watu wa Torvik, kwa adabu zao, walisema, "Hiki ni tofauti," na kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Ardis alirudi na bakuli karibu limejaa. Akacheka, akasema kuku wa Vonnie watafurahi.

Mashine ya kukaushia nguo nayo ikakatwa waya. Ardis akawa anaanika kwenye kamba chumba cha chini, nguo zinakauka kwa siku mbili, na mgongo wake ule na umri wake ule. Hakunung'unika. Nikimwambia, "Shoga, mwambie huyo mzee wako akuache upumue," anasema, "Anajisikia vizuri, Vonnie. Mwache ajisikie vizuri." Ndivyo alivyokuwa.

Orrin alijifunza kweli kweli, tusimwonee. Aliweza kukwambia kwamba kuchomoa chaja ya simu ukutani ni kujidanganya, kazi kubwa iko kwenye joto la nyumba, gari, nyama, na ndege. Hasa ndege. Ndege alizisema kama mchungaji anavyosema pombe. Alipiga hesabu kwamba safari moja ya watu wawili kwenda Arizona na kurudi ingemeza kila walichookoa kwa nguo za kamba na dengu mwaka mzima, na bado ingedai. Mimi nilimuuliza, "Na kuna mtu ameitaja Arizona?" Ardis alikuwa kwenye sinki, ametugeuzia mgongo.

Maana hakuitaja, lakini alikwisha kununua kofia. Kofia ya majani, pana, ya jua, yenye utepe wa samawati. Aliitundika kwenye msumari karibu na mlango, katikati ya makoti ya manyoya na skafu, mwezi wa Oktoba, theluji ya kwanza imeshaanguka. Kila anayeingia anaiona. Mtu wa kwetu hawezi kupiga kelele zaidi ya hapo.

Tukawa siku moja tumekaa tunacheza karata baada ya chakula cha jioni, sisi watatu, Ardis ana karata nzuri maana alikuwa anauma mdomo asitabasamu. Orrin akaweka zake chini. Akakohoa.

"Ardis," akasema, "Bernadine mapafu yake si mazuri. Unataka twende majira haya ya baridi? Kwa ndege?"

Jamani, moyo wangu uliruka. Nikamtazama Ardis. Masikio yalimwiva, kama alivyokuwa akiwa msichana. Akazipanga upya karata zake, akasema bila kuinua macho, "Aa, usijisumbue, bwana. Ni mbali."

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Mimi nikangoja ya pili. Ardis naye akangoja, nilimwona. Na Orrin Tveit, aliyekataa kahawa mara mbili katika kila jiko la wilaya hii, akashusha pumzi kwa raha, akasema, "Haya basi," akaokota karata zake.

Nikampiga teke chini ya meza.

"Vonnie, huo ni mguu wangu," akasema.

"Najua ni wa nani!"

Ardis akacheza karata mbaya, ya chini kabisa, na zile nzuri zote ziko mkononi. Tulimaliza mchezo, nikaenda zangu nyumbani nimefura kwa hasira.

Kesho yake nilimvizia nje anazoa theluji kwa koleo. Sikuzunguka.

"Orrin, umeuliza mara moja."

"Nimeuliza, na amekataa. Umesikia kwa masikio yako."

"Mara moja! Mgonjwa wa homa humuulizi uji mara moja. Mwizi humuulizi kahawa mara moja!"

"Ardis ni mtu mzima. Angetaka angesema."

"Nani? Torvik hii? Nitajie mtu mmoja aliyewahi kusema anachotaka. Wewe mwenyewe ulimchumbia vipi? Si ulimpeleka kutazama nyumba ukamuuliza kama jiko lina mwanga wa kutosha?"

Akaegemea koleo. Uso ulikuwa mwekundu kwa baridi, au kwa haya, sijui. "Vonnie, nikimuuliza tena atakubali," akasema.

Si mnasikia? Alijua. Nilimwangalia, akaona mwenyewe alilolitamka, akarudi kwenye theluji yake.

Baadaye alikuja mlangoni kwangu kunieleza, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mpango. Wataendelea kupunguza, wataweka sahani za jua za kutoa umeme juu ya paa, nyayo za nyumba zitashuka mpaka mahali pazuri, halafu mwakani watakwenda kwa treni. Treni ni nyepesi kwa hesabu. Nikamwambia kiuno cha Ardis hakikai benchi la kanisa saa moja, kitakaaje treni siku mbili, na treni zetu hizi zinazosimama porini kupisha mabehewa ya nafaka? Akasema atamnunulia mto mzuri. Mto! Nilifunga mlango kwa nguvu, nikajuta, nikaufungua nimwombe radhi, nikamkuta bado amesimama pale pale, akaniuliza kama nina gundi ya kuziba nyufa za dirisha.

Majira yale ya baridi yakapita. Sahani za jua zikawekwa wakati wa kiangazi. Nyayo zikashuka. Orrin akawa kama mtu anayepunguza unene, kila akifika alipotaka anaona bado kidogo. Ardis alikaa na simu yake ya Jumapili. Kofia haikuondoka msumarini. Aliipangusa vumbi, nilimwona, kwa ile brashi ya nguo, taratibu. Nikamuuliza, "Shoga, kwa nini usimwambie tu?" Akaniambia, "Nitamwambiaje? Ameshapiga hesabu zote zile." Kisha akatabasamu kidogo. "Atauliza tu. Orrin si mtu wa kuacha jambo nusu."

Mwezi wa Februari moyo ulimzimikia Ardis pale jikoni, asubuhi, anakanda mkate. Orrin alikuwa juu ya paa anafagia theluji kwenye sahani za jua. Mimi ndiye niliyeona kupitia dirishani kwamba Ardis hayuko pale alipokuwa amesimama. Nikapiga kelele. Nikavuka ua na viatu vya ndani. Alikuwa amelala sakafuni na unga mikononi, na ameshaondoka.

Baada ya mazishi tulikula kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kama kawaida. Yule binti Maren alikuja, ameoka bakuli la dengu kwa jinsi Ardis alivyomfundisha, na safari hii watu walilimaliza, wakalamba na mwiko. Orrin aliketi mezani hajavua koti. Nilimwuliza kama anataka kahawa. Akasema hapana. Nikamwuliza tena. Akasema hapana. Nikamwuliza mara ya tatu, akaniinulia macho kama mtu aliyepigwa kofi. Nilidhani ni msiba tu.

Ardis aliagiza achomwe moto, na majivu nusu yazikwe kwa wazazi wake, nusu apewe Bernadine. Mwezi wa Machi nikamkuta Orrin mezani na kisanduku cha majivu mbele yake, na kalamu, anaandika nyuma ya bahasha. Nikauliza anafanya nini.

"Posta wanapokea majivu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiyelala. "Wana boksi maalumu. Nilikuwa naangalia tofauti. Kifurushi ni kilo chache tu, kinakwenda na mizigo mingine. Mtu mzima kwenye kiti..."

Sikumwacha amalize. Mimi nimepika miaka yangu yote kwa ajili ya watoto wa watu, nina sauti ya kufika mwisho wa ukumbi, na siku ile niliitumia yote. "Orrin Tveit! Utamtia mkeo kwenye posta? Alipokuwa hai ulimpigia hesabu, na akiwa majivu bado unampigia hesabu? Hivi wewe unajua ni gesi kiasi gani imechomwa kumgeuza kuwa hivyo alivyo? Iandike na hiyo! Iandike!"

Nilijua nimepita mpaka. Alikuwa ameganda na kalamu hewani. Kisha akaiweka chini, akafunika uso kwa mikono yake ile mikubwa, akalia. Sijapata kumwona mwanamume wa Torvik akilia hivyo, kwa sauti, mabega yanaruka. Nikakaa naye. Nikamshika shingo kama mtoto.

Alipotulia akasema, "Nimepiga hesabu yake peke yake. Juzi. Siku zote nilikuwa najaza ya nyumba, mimi na yeye pamoja, kisha nagawa nusu. Juzi nikajaza ya Ardis tu. Hakuendesha gari. Hakusafiri. Nyama alikula kidogo, nguo hakununua. Imetoka ndogo hata mashine ikaniuliza kama nimesahau kujaza mahali." Akapangusa pua na mkono. "Lori lilikuwa langu, Vonnie. Gari kubwa lilikuwa langu, na uwindaji, na mashua. Yeye alikuwa hajatumia kitu. Ile ndege ilikuwa haki yake, na mimi nikaitumia kulipia hewa chafu ya kwangu."

Nikamwambia apeleke kisanduku mwenyewe. Akasema ndiyo.

Alikwenda wiki ile ile, na kofia ya majani akaichukua, ameishika mkononi kwa sababu aliogopa itavunjika kwenye begi. Alipokuwa hayupo nilimwagilia maua ya Ardis. Sikugusa kidude cha ukutani cha kurekebishia joto, ingawa nyumba ilikuwa baridi, maana alikuwa amekiacha pale pale Ardis alipokiweka asubuhi ile.

Aliporudi nilimpa siku ya kupumzika, kisha nikaenda na sahani ya keki za vipande. Alikuwa amebabuka pua kwa jua. Akanivutia kiti, akakaa upande wa pili, na akanihadithia bila kuulizwa, jambo ambalo hakupata kulifanya maishani.

Kwenye ndege aliweka kisanduku mapajani. Mhudumu wa ndege, msichana mwenye haraka, akapita na kigari chake akamuuliza kama anataka kahawa. "Nikasema, aa, usijisumbue. Akasema sawa, akapita. Akaenda zake, Vonnie. Hakurudi. Nikabaki nimekaa na kiu, namtazama mgongo, namngoja."

Akaisogeza kando sahani ya keki.

Bernadine alimpokea mlangoni na mtungi wake wa hewa. Alikuwa ametandika chumba cha wageni. Kitanda kilikuwa na blanketi la viraka la Ardis mwenyewe, alilotuma kwa posta zamani. Orrin alimpa kisanduku, akampa kofia. Bernadine akaivaa hapo hapo, juu ya ile mipira ya puani, na wakaenda kukaa barazani kwenye jua. Orrin akamwambia yote. Akamwambia alimuuliza Ardis mara moja tu, na kwamba alijua, tangu akiuliza alijua, na hakuuliza tena kwa makusudi.

"Nilidhani atanifukuza," akaniambia. "Ningeona raha kama angenifukuza. Akanishika mkono. Akasema, Ardis alinipigia simu siku ile ile ya karata, hakungoja Jumapili. Alikuwa na furaha mpaka sauti inatetemeka. Akaniambia, Dada, tandika kitanda."

"Tandika kitanda?"

"Tandika kitanda." Midomo ilimcheza, ikabidi aishike kwa vidole. "Akamwambia, Orrin ameniuliza mara moja. Bado mara mbili."

Niliutazama ule msumari mtupu kati ya makoti. Karibu majira mawili ya baridi shoga yangu alikuwa akianika nguo chini kule, anatia dengu, anapangusa kofia, na siku zote anangoja mumewe akohoe tena. Hasira niliyokuwa nayo kwa yule mzee ikanitoka yote, nikabaki na majuto tu, na hayakuwa yangu hata kidogo lakini niliyabeba.

Bado anapunguza, Orrin. Msidhani aliacha. Sahani za jua zipo, dengu zipo, na akina baba wa kanisa anakwenda kuwajazia pamba darini bila malipo, na akimaliza huwauliza wake zao kama kuna kitu wanakitaka, huwauliza mpaka wanaona aibu. Maren anasema hakuna nyumba katika wilaya iliyoshuka kama yake. Yeye akisikia hivyo hutazama sakafu.

Siku ile ya keki aliinuka, akashika birika.

"Kahawa, Vonnie?"

"Aa, usijisumbue."

"Si usumbufu. Ipo."

"Hapana, kweli, nimekunywa nyumbani."

"Kidogo tu. Nimekwisha kuichemsha."

"Basi, kidogo tu, kama ipo."

Akamimina. Kikombe kikajaa mpaka ukingoni, na yeye hakuketi. Alibaki amesimama, birika mkononi, ananitazama usoni kama anayetafuta kitu alichodondosha.

"Unataka kweli?" akauliza.

"Nataka, Orrin. Kaa."

"Kweli?"

"Kweli."

Akauliza tena, nami nikajibu tena, mpaka kahawa ikapoa.